Kabla Hujalipia Maombi ya Uzamili wa Mipangomiji

Kila dirisha la maombi ya vyuo linapofunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa namna moja. "Shikamoo mwalimu, nina shahada ya jiografia, naweza kusoma uzamili wa mipangomiji?" Mwingine ni mhandisi aliyechoka kusimamia mitaro. Mwingine ni ofisa wa halmashauri anayeona wenzake wanapanda madaraja na yeye amebaki palepale. Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Leo nawajibu wote kwa pamoja. Nitaelemea Tanzania Bara, maana ndiko ninakokujua vizuri, na nitawagusa wa Kenya na wa Zanzibar pale mambo yanapoachana.

Sitaeleza mipangomiji ni nini. Aliyewahi kukaa ndani ya daladala Jangwani huku Mto Msimbazi umefunga barabara anajua kazi iliyopo.

## Swali la kwanza si "chuo gani?"

Swali la kwanza ni: ukimaliza, unataka kukaa kiti gani? Wengi hulirukia jina la chuo, halafu baada ya miaka miwili wanagundua kwamba walichosomea hakifungui mlango waliokuwa wakiutaka. Milango mikuu ni mitatu:

- Mtaalamu wa mipangomiji aliyesajiliwa. Huyu ndiye anayeandaa michoro ya mipangomiji na kuiwekea sahihi. Tanzania Bara, usajili wake unasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji chini ya Sheria Na. 7 ya 2007. Kenya wana sheria yao ya usajili ya 1996.
- Mpango wa maendeleo ya mkoa, wilaya na vijiji. Hapa kuna mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, miradi, bajeti na takwimu. Sahihi ya kwenye mchoro si shughuli yako ya kila siku.
- Utafiti na ualimu wa chuo. Huku alama zako na tasnifu yako ndizo zinazokubeba hadi uzamivu.

Sasa onyo, na ukisahau mengine yote ya makala hii ubaki na hili. Cheti cha uzamili peke yake hakikusajili. Bodi hutazama mnyororo mzima: shahada ya kwanza, shahada ya pili, na kazi uliyoifanya chini ya mtu aliyekwisha kusajiliwa. Kama shahada yako ya kwanza ni ya sosholojia au uchumi, usikisie. Fanya hivi kabla hujalipa hata senti:

1. Chukua orodha ya masomo ya programu unayoitaka, si jina lake tu.
2. Iandikie Bodi barua: nina shahada hii, nakusudia kusoma hii, ya chuo hiki, nikimaliza nitaombea usajili wa ngazi gani, na nitadaiwa nini zaidi?
3. Subiri jibu la maandishi. Jibu la mdomo la mtu uliyemkuta mapokezi halina kazi siku ya usaili.

Utaniambia, "Barua itachukua wiki." Acha ichukue. Programu nayo itachukua miezi kumi na minane au miaka miwili.

## "Lakini mimi si wa mipangomiji"

Ndiyo, wanachukua wasio wa mipangomiji. Wanajiografia, wasanifu majengo, wapima ardhi, wahandisi, wachumi na wanasosholojia wamekaa kwenye madarasa haya miaka mingi, na darasa lenye mchanganyiko huo huwa zuri kuliko la watu wa aina moja. Vyuo vyetu vingi hudai angalau daraja la pili la chini. Soma tangazo la mwaka husika, maana sifa hubadilika.

Kinachowaangusha watu hutegemea walikotoka:

- Kutoka jiografia na sosholojia: ramani. Wanaandika vizuri sana juu ya mtaa wasioweza kuuchora. Pakua QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure, uchore mtaa wako mwenyewe: nyumba, vichochoro, mitaro, visima. Ukimaliza mtaa mmoja bila kusaidiwa, uko tayari.
- Kutoka uhandisi, upimaji na usanifu: maandishi na masikio. Wanachora vizuri, ila hawajawahi kuandika kurasa kumi mfululizo za hoja, na wanakwenda kwa wananchi wakiwa na jibu mfukoni.
- Kutoka uchumi: sheria. Anza na Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, kisha Sheria ya Mipangomiji Na. 8 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6, zote za 2007.

Hesabu? Inatosha ile ya kusoma jedwali na kujua wastani unapokudanganya.

## Nyumbani au ng'ambo?

Kwa Tanzania, jina la kwanza ni Chuo Kikuu Ardhi, pale jirani na Mlimani, Dar es Salaam. Kilianzia kwenye mafunzo ya upimaji, kikawa Chuo cha Ardhi, 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 kikasimama chenyewe. Anayeelekea vijijini na mikoani akitazame pia Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma. Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha uzamili wa mipango tangu miaka ya 1970, na Maseno wapo upande wa Kisumu. Uganda ni Makerere.

Ng'ambo, majina ambayo watu wetu wameyazoea ni IHS ya Rotterdam, ITC ya Enschede kwa wapenda ramani na picha za setilaiti, na SPRING ya Dortmund. Hii ya mwisho huanzia Ujerumani na mwaka wa pili humaliziwa katika chuo mshirika. Ardhi kimekuwa mmoja wa washirika hao.

Maoni yangu sitayaficha: kama unataka kufanya kazi halmashauri au kampuni za hapa, uzamili usome hapa, ng'ambo uende kwa uzamivu au kozi fupi. Sheria utakayoisoma ndiyo utakayofanyia kazi. Studio yako, yaani mazoezi ya kupanga eneo halisi, itakuwa Vingunguti au Chanika. Na yule unayekaa naye dawati moja ndiye baada ya miaka mitano utamkuta ofisi ya ardhi ya Mwanza, akikuambia jalada limekwama wapi. Ng'ambo kuna maabara, maktaba na fedha, sikatai, lakini nimeona wanaorudi wakiwa na tasnifu nzuri juu ya baiskeli za Uholanzi na hawajui mchoro wa mipangomiji unapita ofisi zipi hapa kwetu hadi kuidhinishwa.

Kabla hujachagua, uliza idara haya:

- Je, ni masomo ya darasani pamoja na tasnifu, au ni utafiti mtupu? Aliyetoka fani nyingine asithubutu utafiti mtupu.
- Studio ipo? Ya uwandani, au ya kukaa mbele ya kompyuta?
- Kila msimamizi ana wanafunzi wangapi kwa sasa?
- Katika kundi lililopita, wangapi wamemaliza kwa wakati?

Swali la mwisho usimwulize ofisa udahili. Nenda kantini, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa pili, mnunulie chai. Utapata ukweli wote pamoja na majina.

## Fedha: ada ndiyo ile inayoonekana

Watu huja wameandaa ada na kodi ya chumba, kisha wanakwama kwenye uwanda. Weka kwenye bajeti mapema:

- nauli za kwenda na kurudi uwandani, na posho ya wasaidizi wako wa dodoso;
- kuchapisha ramani kubwa, tena mara nyingi, maana kila msimamizi atakuwa na kalamu nyekundu;
- kompyuta mpakato yenye nguvu ya kufungua picha za setilaiti bila kuzimika;
- miezi mitatu ya ziada ya kuishi. Hakuna anayeipanga, na karibu kila mtu huihitaji.

Kwa ufadhili, tatizo kubwa huwa kalenda. Chevening ya Uingereza hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wanaouhesabu kuwa saa 2,800, na ukimaliza lazima urudi nyumbani kwa miaka miwili. Maombi yake hupokewa mapema, karibu mwaka mmoja kabla ya masomo kuanza. Ufadhili wa DAAD ya Ujerumani kwa kozi za maendeleo, ambamo Dortmund imo, nao hutaka kwa kawaida miaka miwili ya kazi, na shahada yako isiwe imepita miaka sita. Kwa hiyo aliyemaliza chuo jana atafute kazi kwanza, hata ya mkataba, huku akitunza barua za ajira. Aliyemaliza zamani asilale.

Watumishi wa umma, jambo lenu ni ruhusa. Hakikisha umeingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa ofisi yako, kisha pata barua ya ruhusa ya masomo yenye sahihi na tarehe. "Mkuu amesema nenda tu" si ruhusa. Mkuu anaweza kuhamishwa mwezi ujao, na anayekuja atakukuta mtoro kazini.

Na ukisoma nje, peleka vyeti Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) vitambuliwe mara tu unaporudi. Usingoje tangazo la ajira litoke ndipo uanze kukimbizana na foleni.

## Mada ya tasnifu

Hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo hapa nitakawia.

Mada mbovu niliyoiona mara nyingi kuliko zote ni "Changamoto za Mipangomiji Tanzania". Hiyo ni hotuba. Mada lazima iwe na mahali, watu na swali ambalo hujui jibu lake. Ukijua jibu kabla ya kwenda, unakwenda kutafuta mashahidi.

Tazama jinsi ya kuibana. Umeanza na "mafuriko Dar es Salaam". Pana mno. Ukabana ikawa "Bonde la Msimbazi". Bado pana. Sasa kumbuka mafuriko ya Desemba 2011: familia zilizotolewa bondeni zilipewa viwanja Mabwepande. Uliza: ni akina nani bado wanaishi kwenye viwanja vile, ni akina nani waliuza, na waliouza wamekwenda wapi? Sasa una watu wa kuwatafuta na eneo lenye mipaka. Ukitoka na jibu, wizara itataka kulisikia kabla haijahamisha watu wengine.

Mifano mingine, ichukue atakaye:

- Urasimishaji wa makazi: kwa nini mwenye nyumba huchangia fedha za upimaji, kisha hati haifuatilii?
- Reli ya SGR ilianza kubeba abiria 2024. Vijiji vilivyo jirani na vituo vidogo kati ya Dar es Salaam na Morogoro, mashamba yameshauzwa kwa nani, na mpango wa matumizi ya ardhi ulifika kabla au baada ya dalali?
- Dodoma: uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulitolewa 1973, mpango kabambe ukaja 1976, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikavunjwa 2017. Chukua kata moja iliyopimwa zama za CDA uilinganishe na mchoro wake wa awali.
- Vijiji vya Kilosa ambavyo vina mpango wa matumizi ya ardhi: mstari kati ya malisho na mashamba, anaulinda nani msimu wa kiangazi?

Ukishapata mada, ijaribu kwa maswali haya:

1. Naweza kwenda na kurudi siku moja kwa daladala na bodaboda? Kama siwezi, nitalala wapi na kwa fedha ya nani?
2. Nani hatataka nizungumze naye? Kama ndiye mwenye jibu, nina njia nyingine?
3. Takwimu zipo? Sensa ya 2022 ilihesabu na majengo. Kaulizie Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ramani Huria, iliyoanza 2015, imeacha ramani za kina za kata nyingi za Dar es Salaam, bure, ndani ya OpenStreetMap. Mipango ya zamani ya jiji, ya 1949, 1968 na 1979, ni hazina kwa anayetaka kulinganisha kilichochorwa na kilichojengwa.
4. Miezi mitatu ya uwandani inatosha?

Ukijibu "hapana" kwa swali la nne, punguza mitaa. Usipunguze usingizi.

## Uwandani: barua, mihuri na X nyekundu

Barua ya utafiti hushuka ngazi. Chuo humwandikia Katibu Tawala wa Mkoa. Kutoka mkoani inakwenda wilayani na kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa Mtendaji wa Kata, hadi kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Kenya utaanzia kwenye kibali cha tume yao ya sayansi, NACOSTI. Anayetafiti Tanzania akiwa raia wa nje huanzia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Haya ndiyo ya kuzingatia:

- Toa nakala nyingi. Kila ofisi hubaki na yake, na ofisi ya chini haisomi barua isiyo na muhuri wa ofisi ya juu.
- Anza kabla pendekezo lako halijapitishwa rasmi, kwa maana ya kujua majina na siku za vikao.
- Ofisi ya mtaa huwa chumba kimoja chenye benchi. Kaa ungoje zamu yako nyuma ya mama aliyekuja na kesi ya maji machafu ya jirani. Salimia wote. Wakati unangoja utasikia habari nyingi kuliko utakazozipata kwenye dodoso.
- Usiingie mtaani bila mwenyekiti au mjumbe wake. Mpe nauli na ya maji. Uiandike kwenye bajeti, usiifiche.

Kisha utabisha hodi nyumba ya kwanza, na mzee atatazama kifaa chako cha GPS, atatazama ubao wako wa kuandikia, atauliza: "Mmekuja kutupiga X?"

Usicheke. Alama ya X ya rangi nyekundu ukutani ndiyo imekuwa ikitangulia bomoabomoa, na watu wa Kimara hadi Kiluvya hawajasahau 2017, nyumba za kandokando ya Barabara ya Morogoro zilipovunjwa. Kwa hiyo:

- Usivae fulana ya kung'aa ya wakandarasi.
- Usiandike namba ukutani wala mlangoni, hata kwa chaki. Namba zibaki kwenye daftari.
- Usiahidi fidia, hati wala kiwanja. Ukiahidi, kila jibu litakalofuata litakuwa la kukupendeza.
- Droni iache ya mwisho. Ina vibali vyake, na barua ya chuo haitoshi.

Kosa jingine, la kimyakimya: kuhoji wenye nyumba peke yao. Nyumba moja ya Manzese au Tandale inaweza kuwa na wapangaji vyumba vyote, na mwenye nyumba anaishi kwingine kabisa. Ukienda saa nne asubuhi utakutana na wastaafu na mama wa nyumbani tu, kisha utaandika kwamba "wakazi wengi hawana ajira". Rudi jioni. Rudi Jumamosi. Mpangaji ndiye anayejua choo kinajaa mwezi gani.

## Msimamizi wako na wewe

Wengi hawafeli. Wanapotea. Wanarudi kazini baada ya uwanda, mshahara unaingia, sura ya nne inalala kwenye kompyuta. Dawa yake ni utaratibu mdogo:

- Kila baada ya kikao, mwandikie msimamizi barua pepe ya mistari mitano: tumekubaliana hiki, nitaleta hiki, tarehe hii. Akibadilisha mawazo mwezi ujao, una kumbukumbu.
- Peleka kipande kidogo mara kwa mara. Mtu mwenye wanafunzi wengi hasomi kurasa mia kwa mpigo.
- Chora ramani kabla ya kuandika sura. Hoja ikikataa kukaa kwenye ramani, huenda haipo.
- Usiombe ruhusa ya kurudi kazini kabla rasimu nzima haijakamilika, kama mfuko unaruhusu.

Na wale jamaa wa steshenari wanaokuandikia tasnifu kwa malipo? Siku ya utetezi utaulizwa kwa nini ulikomesha eneo la utafiti kwenye mtaro ule na si kwenye barabara. Aliyeuona mtaro ule atajibu. Wewe utatazama dari.

## Maswali yaliyobaki, kwa ufupi

Nina miaka arobaini na mbili. Nimechelewa? Hapana. Uzoefu wa halmashauri unakupa mada ambazo vijana hawazioni. Ila ufadhili mwingine una ukomo wa umri, soma masharti.

Naweza kusoma jioni huku nafanya kazi? Masomo ya darasani, labda. Studio, hapana. Jipange kwa likizo.

Niko Zanzibar. Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria nilizozitaja si zenu. Ukisoma Bara, hakikisha tasnifu unaifanyia Unguja au Pemba ili sheria za nyumbani usizisome ukubwani.

Ajira zipo? Nafasi za serikali hutoka kwa msimu na hugombewa sana. Kampuni binafsi za upangaji na upimaji hulipa kwa mradi: miezi ya neema, miezi ya ukame. Wako pia wanaofanya kazi wakala wa barabara za vijijini na mijini (TARURA), mamlaka za maji, na mashirika ya makazi. Popote utakapoanzia, fungua daftari siku ya kwanza kazini: tarehe, mradi, ulichokifanya wewe mwenyewe, na sahihi ya mtaalamu aliyesajiliwa aliyekusimamia. Ipate sahihi kila mwezi, kabla hajahama kituo, maana Bodi itakapotaka ushahidi wa uzoefu wako hutaweza kumfuata Kigoma kwa ajili ya kurasa za miaka mitatu iliyopita.